Mkato uliokula karanga

Leo siandiki juu ya mozaiki ya muhogo wala juu ya mnyauko wa migomba, mambo ambayo mmezoea kunisoma nayo hapa. Naandika juu ya mkato. Ule mkato mdogo, virgule ya shuleni, unaowekwa katikati ya vitu viwili.

Hadithi inaanza kwetu Walikale, msimu A, wakati nilikuwa nimemaliza licence na bado natafuta kazi ya kudumu. Shirika moja lilinichukua kwa miezi mitatu ili niingize fishi kwenye kompyuta. Familia zilikuwa zimerudi kutoka ukimbizini, mashamba yamegeuka pori, na mpango ulikuwa kugawa mbegu kufuatana na kile ambacho kila familia ilikuwa ikilima kabla ya kukimbia. Kila zao lilikuwa na namba yake kwenye fishi: 1 muhogo, 2 maharagi, 3 mahindi, 4 ndizi, 5 mpunga, na kuendelea hivyo hadi 10, karanga. Muulizaji alipaswa kuandika namba zote ndani ya kisanduku kimoja, akizitenganisha kwa mkato. Familia ya muhogo, ndizi na karanga: 1,4,10. Familia ya muhogo na karanga tu: 1,10.

Nikaketi, nikaingiza. Kompyuta ilikuwa ya Kifaransa, kama karibu zote kwetu, na katika Kifaransa mkato ndio unaotenganisha namba nzima na desimali. 1,4,10 ina mikato miwili, haiwezi kuwa namba, basi Excel ikaiacha kama maandishi. Lakini 1,10? Hiyo kwake ni moja na sehemu kumi za mia. Na sufuri ya mwisho kwenye desimali haina kazi. Ikaandika 1,1. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nimeshafika kwenye fishi inayofuata.

Baadaye nikaiambia kompyuta ikate kila kisanduku penye mkato na ihesabu mazao. 1,1 ikatoa muhogo na muhogo. 4,10, ambayo ilikuwa imegeuka 4,1, ikatoa ndizi na muhogo. Karanga hakuna. Ila, na hapa ndipo palinichukua muda kuelewa, karanga hazikupotea kwa watu wote. Familia yenye mazao matatu au zaidi ilibaki na karanga zake, kwa sababu orodha yake ilibaki maandishi. Familia iliyotaja karanga kwanza, 10,4, nayo ilipona. Waliopotezewa ni wale wenye mazao mawili tu, waliotaja karanga mwishoni. Yaani wale wenye kidogo.

Siku ya kugawa mbegu, mama mmoja alifika mezani kwangu, akatazama kifurushi chake, akanitazama mimi.

«Agronome, mi nilisema karanga. Ule mutoto aliandika mbele ya macho yangu.»

«Mama, kwenye liste iko muhogo tu.»

«Basi liste njo haikusikia.»

Nikafungua katoni ya fishi nikatafuta ya kwake. Wino wa buluu, mwandiko safi kabisa: 1,10.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia kosa hili lilizaliwa wapi. Nilidhani ni kosa la programu moja. Kumbe lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepita mashambani mwetu.

Tuanze na shamba lenyewe. Ninyi wote mmeingia shamba la Walikale. Migomba juu, muhogo chini yake, maharagi au karanga pembeni, mboga karibu na nyumba, na mti wa safu ambao hakuna aliyeupanda. Ukimuuliza mwenye shamba «hapa kuna nini?», jibu lake ni orodha. Halijawahi kuwa neno moja. Sasa fikiria utawala wa Wabelgiji. Kwa ordonansi ya 1917 walilazimisha kilimo cha mazao waliyoyataka, siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume mzima, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo zikapandishwa hadi 120. Mwaka 1933 wakaunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao Yangambi na kituo chake cha Kivu pale Mulungu, ile ambayo leo ni INERA yetu. Sheria ya namna hiyo, ukiifikiria kwa macho ya mtu wa data, inahitaji jedwali lenye kolone (msichanganye na koloni, ingawa hapa vinakaa pamoja): jina la mtu, zao, eneo. Zao moja, eneo moja, mtu mmoja. Utamuadhibuje mtu kwa kutotimiza eneo la mpunga ikiwa mpunga wake uko chini ya migomba?

Mimi si mtu wa kulaumu wakoloni kwa kila kitu, na jedwali lenyewe halina dhambi. Hata FAO, ambayo imesimamia mpango wa dunia wa kuhesabu mashamba tangu 1950, hadi leo inasumbuka na mazao mchanganyiko: eneo la nusu hekta lenye mazao matatu uligawe vipi? Ukiandika nusu hekta mbele ya kila zao, shamba limekuwa hekta moja na nusu. Ukigawa kwa tatu, umebuni mipaka ambayo haipo. Kumbukeni swali hili, nitalirudia.

Wakati huo huo, mbali na sisi, mashine zilikuwa zinajifunza kuhesabu. Sensa ya Marekani ya 1890 ilihesabiwa kwa kadi zenye matundu, uvumbuzi wa Herman Hollerith. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 kampuni hiyo ikaitwa IBM. Mwaka 1928 IBM ikatoa kadi ya kolone 80, kila kolone ikiwa na nafasi zake za kutoboa. Tundu moja kwa kolone, jibu moja. Safi.

Lakini watu wa uchunguzi wa maoni walikuwa na maswali kama letu, yenye majibu mengi kwa mtu mmoja. Kadi ilikuwa na kolone 80 tu na kila kolone ina thamani, basi wakaanza kutoboa matundu mawili, matatu, hata matano ndani ya kolone moja. Mashine ya kupanga kadi haikulalamika. Ziliposhindwa ni kompyuta zilizokuja baadaye, ambazo zilitarajia herufi moja au tarakimu moja katika kila kolone. Mchanganyiko wa matundu usiolingana na herufi yoyote haukusomeka. Watunza kumbukumbu wakalazimika kufungua kadi za zamani tundu kwa tundu ili kuokoa majibu ya watu waliokwisha kufa. Nikisoma habari hiyo najiona mimi na katoni yangu ya fishi.

Mtu aliyesema jambo hili waziwazi alikuwa Mwingereza, Edgar Codd, aliyefanya kazi IBM kule San Jose, California. Makala yake ya Juni 1970 ndiyo msingi wa hifadhidata karibu zote tunazotumia leo. Mfano wake unanifurahisha kwa sababu ungeweza kuwa wa fishi yetu. Ana jedwali la wafanyakazi: namba ya mtu, jina, tarehe ya kuzaliwa, historia ya kazi, watoto. Kisha anaonyesha kwamba «watoto» si kitu kimoja. Ni jedwali zima limefichwa ndani ya kisanduku, na kila mtoto ana jina na mwaka wake wa kuzaliwa. Dawa yake: watoto watolewe nje, wapewe jedwali lao, na kila mstari wa mtoto ubebe namba ya mzazi ili asipotee. Basi. Kisanduku kimoja, kitu kimoja, cha aina moja.

Fishi yetu nayo ilikuwa na kolone ya miaka ya watoto. Waulizaji wengine waliandika 3/7, mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa saba. Excel ikaandika tarehe 3 Julai. Hao angalau niliwaona, maana mtoto anayeitwa Julai anaonekana haraka. Karanga zilizogeuka muhogo zilionekana kama data nzuri tu, na kosa linalofanana na ukweli ni baya kuliko lile linalopiga kelele.

Sasa, nani aliifundisha mashine kukisia? Hapa historia ina tarehe nzuri kabisa: 1979, programu VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyoendeshwa kwenye Apple II. Ndiyo baba wa Excel na ndugu zake wote. Kabla yake, aliyeandika programu alipaswa kutangaza mapema: kolone hii ni namba, ile ni maandishi. VisiCalc ilitengenezwa kwa mtu wa biashara asiyejua programu, basi ikaamua yenyewe kwa kutazama alama ya kwanza unayoandika. Ukianza na herufi, ni maandishi. Ukianza na tarakimu, ni namba. Aliyetaka tarakimu zake zibaki maandishi aliweka alama ya kunukuu mbele. Lotus 1-2-3 ya mwaka 1983 ikatumia kiapostrofi kwa kazi hiyo, na Excel, iliyotoka mwaka 1985 kwenye Macintosh, bado inakielewa. Jaribuni leo: andikeni '1,10 na mkato hautakula kitu. Kiapostrofi kimoja kingetosha kuokoa karanga za yule mama. Hakuna aliyenifundisha, nami sikuuliza.

Sidharau kukisia kule. Bila kukisia, wengi wetu tusingewahi kugusa jedwali. Shida ni kwamba kukisia kulizaliwa kwa ajili ya kisanduku chenye kitu kimoja, na sisi tunaweka orodha.

Msifikiri ni ujinga wa watu wa Walikale. Watafiti wa jeni za binadamu, wenye maabara na pesa, walipatwa na jambo hilo hilo. Kuna jeni ilikuwa ikiitwa SEPT2. Excel ikaiona kama tarehe 2 Septemba. Nyingine, MARCH1, ikawa tarehe 1 Machi. Onyo lilichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2016 watafiti wengine walipitia makala zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel na kukuta kwamba takriban moja kati ya tano ilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwishowe, mwaka 2020, kamati inayotoa majina ya jeni ilibadilisha majina: SEPTIN2, MARCHF1. Mnasikia? Ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha jina la jeni ya binadamu kuliko kubadilisha tabia ya watu kwenye Excel. Microsoft walileta uwezo wa kuzima ubadilishaji huo kwa watumiaji wote mwaka 2023.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna waliolitatua mapema, na wapewe sifa yao. Eldoret, magharibi mwa Kenya, mradi wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulikuwa unafuatilia wagonjwa wa UKIMWI. Mgonjwa mmoja ana dawa tatu, dalili nne, vipimo kila mwezi: orodha ndani ya orodha. Mwaka 2006 walianza kutumia OpenMRS, ambayo kila jibu linapewa mstari wake. Mgonjwa mwenye dawa tatu ana mistari mitatu. Na kwenye mstari kuna visanduku mbalimbali vya thamani: kimoja cha namba, kimoja cha tarehe, kimoja cha maandishi, kimoja cha jibu lililochaguliwa kwenye kamusi ya maneno. Uzito unaingia kwenye namba, jina la dawa linatoka kwenye kamusi, na mashine haikisii lolote.

Kwa simu tunazotumia sasa vijijini, njia ilifunguliwa na ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Kisha kuna Kobo, ambayo karibu kila mmoja wenu aliyefanya kazi ya mashirika ameigusa. Walioianzisha, watafiti wa Harvard, walikuwa wamefanya uchunguzi mkubwa hapa mashariki mwa Congo mwaka 2007. Swali la majibu mengi, Kobo inaweza kulitoa kwa namna mbili kwa pamoja: kolone moja yenye orodha nzima iliyotenganishwa kwa nafasi, na tena kolone moja kwa kila jibu, yenye 0 au 1. Watoto na mashamba vikiwekwa kama kikundi kinachojirudia, vinatoka kwenye karatasi yao, pamoja na namba inayowarudisha kwa familia. Ni Codd kabisa, amevaa simu.

Lakini fishi za karatasi bado zipo, betri zinaisha, na daima kuna mtu atakutumia kolone yenye orodha. Njo maana nataka niwaambie ninavyofanya sasa.

Jambo lililonikosesha lilikuwa mpangilio. Niliacha mashine itoe aina kwanza, halafu nikakata orodha. Inabidi iwe kinyume. Kila kitu kiingie kama maandishi, hata kile kinachofanana na namba. Orodha ikatwe, kila kipande kiwe na mstari wake pamoja na namba ya fishi, nafasi tupu ziondolewe, na hapo ndipo useme: kolone hii ni namba, ile ni tarehe. Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu toleo la 2016, inafanya kazi hii vizuri, ila ina mitego miwili. Ukileta faili la maandishi, inaongeza yenyewe hatua ya kubadilisha aina, na inakisia kwa kutazama mistari 200 ya kwanza. Kama familia zako 200 za kwanza zina zao moja moja, kolone inaitwa namba, na 1,4,10 ya baadaye inageuka kosa. Futa hatua ile. Mtego wa pili: ukiifungua kolone ya orodha kuwa mistari, kolone inayotoka haina aina, ni «yoyote». Wanaotumia Python wanakuta jambo hilo hilo kwa pandas: explode, iliyoingia mwaka 2019, ikifungua kolone ya orodha inaiacha katika aina ya «object» hata kama ndani kuna namba tupu. Kufungua orodha hakutoi aina, ni wewe utaitoa.

Kisha ninahesabu. Idadi ya mikato yote, jumlisha idadi ya visanduku visivyo tupu, lazima iwe sawa na idadi ya mistari mipya. Hesabu hiyo unaianzia kwenye karatasi, si kwenye kompyuta. Ningeifanya siku zile, 1,10 isingenionyesha kosa, kwa sababu mkato ulibaki pale pale. Ndiyo, hilo nililigundua kwa uchungu. Njo maana siku hizi nahesabu pia kila namba kivyake: karanga ngapi kwenye karatasi, karanga ngapi kwenye jedwali. Na nimeacha kabisa namba kama jina la zao. Karanga siyo kumi. Naandika KAR, MUH, NDI.

Kuna pia familia isiyolima kitu. Kwa R, ukifungua orodha tupu, mstari wake unaondoka kimya usipoiambia iubakishe. Familia isiyo na shamba ndiyo ya kwanza kupotea kwenye jedwali la mashamba.

Eneo ndilo limebaki kunisumbua. Kwenye fishi nyingine niliyoipokea, muulizaji aliandika maeneo ya mashamba mawili hivi: 0,5,0,3. Je, ni nusu hekta na sehemu tatu za kumi, au ni vitu vinne? Mkato ule ule unafanya kazi mbili ndani ya kisanduku kimoja. Sasa nina karatasi mbili. Moja ya mashamba, kila shamba na eneo lake, mara moja tu. Nyingine ya mazao, kila zao na namba ya shamba lilimo. Eneo nalijumlisha kwenye ya kwanza, mazao nayahesabu kwenye ya pili. Mipaka ndani ya shamba sibuni. Siwezi kusema muhogo umechukua mita ngapi chini ya migomba, na nimekubali kutosema.

Kuhusu karanga zetu: usiku mbili tulipitia fishi zote za karatasi kwa tochi, mimi na waulizaji wawili, tukitafuta kila 10 iliyokuwa mwisho wa orodha ya vitu viwili. Mbegu za ziada zilifika wiki tatu baadaye, wakati wa kupanda ulikuwa umeshapita kwa wengi. Nilikwenda mwenyewe kwa yule mama nikamweleza kilichotokea, nikamchorea chini kwa kijiti: 1,10 na 10,1, moja inakufa, nyingine inapona. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Mbegu zile alipanda nusu, nusu akakaanga.

Msimu B tulirudi na fishi mpya. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, «Agronome, andika karanga mbele.»